Kichanja Kisicho na Msumari

Kaeni. Nimesema kaeni, msisimame mlangoni kama watu waliokuja kusoma mita ya umeme. Mashine, mwanangu mkubwa, vuta kile kigoda, na usikigeuze kwanza kutazama kimeungwaje, leo hukuja hapa kama fundi, umekuja kama mtoto. Binti yangu, kaa karibu na mama yako. Na wewe Spana, mdogo wangu, ingia ndani. Najua ni miaka ishirini na mbili hujavuka kizingiti hiki, na najua aliyekukataza ni mimi, basi mimi huyo huyo nakwambia ingia, na usipoona kiti kaa hapa kitandani, miguu yangu siku hizi haichukui nafasi.

Daktari amesema nisiongee zaidi ya dakika kumi. Daktari yule kitanda anacholalia nimemtengenezea mimi, mlango anaoufunga nimeutundika mimi, na siku aliyokuja kuulipia alikuwa hajaota ndevu vizuri. Kwa hiyo nitaongea mpaka nichoke, nikichoka nitapumzika, kisha nitaongea tena, na akija kunikataza mwambieni aondoke kwanza kwenye kitanda changu ndipo anitoe kwenye hiki.

Tegeni masikio, wanangu, maana sitarudia. Si kwamba sitaki kurudia, mnanijua, hadithi moja naweza kuisimulia mara arobaini na kila mara simba akawa mkubwa zaidi. Ila pumzi sasa hivi naivuta kwa foleni.

Nyumba ni ya mama yenu. Asije mtu akavunja ukuta, akatoboa dirisha, wala akapaka rangi bila kumwuliza, na akisema hapana ni hapana, msianze kumzunguka kwa maneno matamu kama mnavyonizunguka mimi. Zana za kazi, misumeno yote mitatu, patasi, kekee, jiliwa lile zito, ni za Mashine, isipokuwa randa ya mkono, hiyo nitaisema baadaye. Cherehani tayari ni ya binti yangu, tangu siku aliyoichukua bila kuaga.

Sasa tuje kwenye kilichowaleta. Msijifanye mmeletwa na uchungu wa baba. Jumanne mlidhani nimelala, mkagombana hapa juu ya kichwa changu kama wachuuzi wawili na mteja mmoja, nami nikafumba macho nikafaidi. Mashine ulisema, "Kile kichanja ni kazi ya mkono wa baba, fundi ni mimi, mahali pake ni karakanani kwangu, mbele kabisa, kila anayepita akione." Dada yako akakujibu, "Utakiweka dirishani kama suruali ya kuuzwa? Na mimi mnanaa nitaukausha wapi, kichwani?" Ukasema utamnunulia cha chuma. Akasema hicho cha chuma kaanikie soksi zako. Nilitaka kucheka nikaogopa kukohoa. Lakini baadaye mkaanza kusemana vingine, vya tangu utotoni, nani alipendwa, nani alisomeshwa, na binti yangu akatoka analia, na wewe Mashine ukabaki umesimama hapo unakuna ukuta kwa kucha. Hapo ndipo nilipoacha kufaidi.

Nikasema, haiwezekani. Siwezi kufa nikaacha watoto wangu wawili, na wawili tu ndio nilionao, wanagawana mbao kwa msumeno. Kwa hiyo leo nakigawa kichanja. Lakini kwanza nitawaambia kilivyojengwa, na mtu asinikatize, hasa wewe Mashine, maana najua unaijua hadithi hii kuliko mimi, umewasimulia wateja wako mpaka wengine wanaisimulia na wao.

Binti, fungua huo mlango wa chumba cha nyuma, tukione wote. Ndiyo. Kitazameni. Rafu sita, chini mchaichai, katikati mnanaa, juu mrehani, upepo unaingia dirisha hili unatokea lile, majani yanakauka na rangi yake ya kijani. Hakuna msumari hata mmoja, ni vigingi vya mbao na kamba ya katani. Hakuna rangi, hakuna vanishi. Kila rafu ni fremu iliyovalishwa chandarua, inatoka na kurudi kama droo. Miguu minne ndani ya makopo manne ya maji, mchwa anafika ukingoni anatazama, anarudi kwao. Na kutoka rafu hadi rafu, Mashine, ni ngapi? Sema. Haswa. Sentimita ishirini na sita na nusu. Mafundi wangapi wamekuja na tepu zao, wakapima, wakajikuna kichwa, kwa nini isiwe ishirini na tano, kwa nini isiwe thelathini? Nami nakaa pale kwenye kigoda, nakunja mguu, nawaambia, "Jamani, hiyo ni hesabu ya upepo. Upepo una kimo chake. Ukiubana haupiti, ukiuachia unazurura." Mimi niliyeishia darasa la tano, nimewafundisha watu wenye vyeti kimo cha upepo, na wakaandika!

Haya. Sasa rudini nyuma miaka ishirini na mbili.

Mama yenu alikuwa anaanika majani yake juu ya magunia, uani. Kuku wanapita, vumbi linapita, mvua ikinyesha anakimbia na magunia kichwani. Kila siku ananiambia, "Baba Mashine, nitengenezee kichanja." Nami kila siku namwambia kesho, kwa kuwa nilikuwa na vitanda vya watu, na kwa kuwa fundi huwa hakosi sababu linapokuja suala la mkewe. Siku moja akaacha kuniambia. Mke akiacha kukwambia, ogopa. Nikaogopa, nikajenga.

Nikajenga kichanja cha kwanza. Ninyi hamkijui kwa jina hilo, mnakijua, mtaona. Nilikijenga kwa siku mbili, mbao za mfuto zisizo na nakshi, misumari ya inchi tatu kila mahali, ungeweza kuegesha trekta juu yake. Na kwa kuwa mimi ndiye mimi, sikutaka mchwa waje kunidhalilisha, nikafanya tunachofanya mafundi wote na mbao ya nje. Nikaenda gereji kwa Spana, nikamwomba debe la oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini za malori, nyeusi kama usiku, nikakipaka. Nikakipaka mara tatu. Miguu, rafu, juu, chini. Kikang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Nyamaza Spana, nakuja kwako.

Mama yenu alikitazama, akakinusa, akasema, "Hii harufu?" Nikamwambia itaisha kesho. Akaanika. Wiki mbili akaanika, akakausha, akafunga pakiti zake ndogo, akapeleka kwenye mgahawa wa pale njia panda, akawapelekea walimu, akampelekea yule mama mkunga. Siku ya tatu baada ya kupeleka, mwenye mgahawa amefika hapa na pakiti zote mkononi. Hakugombana, angegombana ingekuwa nafuu. Alisema kwa upole, "Mama, wateja wangu wanauliza hii ni chai ya mnanaa au ya lori." Na nyuma yake wapo vijana wawili wa kijiweni, mmoja akawasha injini kwa mdomo, mwingine akatia gia.

Mtaa mzima ulitia gia, wanangu. Nikipita, mtu anapiga honi. Nikiingia dukani, muuzaji ananiuliza natumia dizeli au petroli. Mtu aliyekuwa ameagiza kabati la vyombo akaja kuniambia amebadili mawazo, sahani zake hazipendi kusafiri. Kazi zikakauka kabla ya majani. Na mama yenu, miaka minne ya wateja aliowakusanya mmoja mmoja kwa miguu yake, wote wakaenda kwa wiki moja. Hakunitukana. Alitoa majani yote kwenye kile kichanja, akayachimbia shimo nyuma ya choo, akarudisha magunia yake uani.

Sasa mimi nikafanya nini? Nilimtafuta mtu wa kumbebesha. Nikasimama pale barabarani, mchana kweupe, nikapaza sauti kwamba mdogo wangu Spana amenidanganya, amenipa oili akasema ni dawa safi ya mbao, haina harufu, haina madhara. Nikamwambia asikanyage kwangu. Na mlivyokua mkaambiwa hivyo, baba yenu mdogo ndiye aliyeiharibia nyumba hii riziki, mkaacha kumwamkia.

Ukweli ni huu, na nausema yeye akiwa ameketi hapa juu ya miguu yangu. Spana aliniuliza, "Kaka, unakwenda kupaka nini?" Nikamwambia nguzo za uzio. Akasema, "Uzio sawa. Kisiwe chombo cha kula tu." Akaniambia kwa mdomo wake. Nikaitikia. Nilimdanganya kwa sababu nilijua angenikatalia, na nilijua angenikatalia kwa sababu alikuwa na haki, na mimi kaka mkubwa sikutaka kufundishwa mbao na mtu wa spana.

Msinitazame hivyo. Sijaanza kulia na ninyi msianze. Nipeni maji.

Basi. Mambo yaliponizidi nikakimbia. Ndiyo, nilikimbia, ninyi mmeambiwa nilipata tenda kubwa. Tenda gani? Nilibeba begi langu la misumari na nyundo, nikaenda mji wa mbali nikapigilia mbao za kumwagia zege kwenye ghorofa la watu, siku kumi na moja, nalala kwenye mifuko ya saruji. Mashine ulikuwa kwa bibi yako kwa ajili ya shule, dada yako alikuwa mgongoni bado. Siku ya kumi na mbili nikarudi, najiandaa kwa maneno ya kusema, maneno mazuri, nimeyapanga njia nzima. Nafungua mlango wa chumba hicho cha nyuma.

Kipo. Kimesimama. Hicho hicho mnachokitazama.

Ndiyo, Mashine. Umesikia vizuri. Kaa. Nimesema kaa! Nikiondoka mimi utakuwa na muda wa kutosha wa kusimama.

Mimi sikujenga kile kichanja. Sikupiga msumeno mmoja, sikuchonga kigingi kimoja. Amejenga mama yenu, peke yake, kwa siku tisa, mtoto mgongoni, ubao ameushika kwa goti juu ya gunia la mkaa. Mnajua kwa nini hakina msumari? Mimi nimewaambia watu kutu inaharibu majani, na kweli inaharibu, lakini siku ile hakikutiwa msumari kwa sababu misumari yote nilikuwa nimeondoka nayo kwenye begi! Akachonga vigingi kutoka kwenye mpini wa fagio na miiko miwili. Chandarua ni kile kilichochanika, tulichokuwa tukilalia. Wazo la makopo ya maji amelitoa wapi? Kwenye kopo lake la sukari, amezoea kuliweka kwenye sahani ya maji ili sisimizi wasivuke, akasema kama sisimizi havuki, mchwa naye anajua kuogelea tangu lini? Na hakikupakwa kitu kwa sababu alikuwa amekula kiapo, mtu akileta tena kopo lenye brashi kwenye chumba kile atamwagiwa yeye.

Na hesabu ya upepo? Mashine, mwanangu, wewe ambaye vichanja vyako vyote karakanani umevitenga sentimita ishirini na sita na nusu, uliyemfukuza yule fundi mwenzako kwa kuweka ishirini na saba, inuka sasa. Sasa ndiyo, inuka. Mshike mama yako mkono. Mama Mashine, usikatae, umenifichia vya kutosha. Nendeni pale. Mwekee mkono kwenye nguzo, kidole gumba kwenye rafu ya chini, aunyooshe, shibiri moja. Sasa juu yake aongeze vidole vinne vya mkono mwingine, kwa upana. Vimefika wapi?

Vimefika wapi, Mashine?

Eeh. Hapo hapo. Upepo una mkono, na mkono wenyewe ni huo umeushika. Tepu nilikuwa nimeondoka nayo pia.

Sasa mtauliza, ilikuwaje ikawa yangu. Jioni ile niliyorudi akaja mwenye mgahawa, amesikia mama yenu ameanza tena, amekuja kwa mashaka. Akanusa. Akauliza, "Hiki nani kajenga?" Mimi nimesimama pale na begi langu la misumari begani. Mama yenu akasema, hakunitazama hata kidogo, akasema, "Mume wangu. Ndiyo kazi yake halisi hiyo. Kile cha kwanza alikuwa anajaribu."

Kwa maneno hayo nilipata kazi tena. Wiki ile ile wakaja watu wawili wanataka vichanja, mwezi ule sita. Nyumba hii imepauliwa kwa maneno yale, ninyi mmevaa viatu vya shule vya maneno yale. Alinipa kama mtu anavyompa mwenziwe shati, kwa siku moja, ajistiri. Mimi nikalivaa miaka ishirini na mbili, nikalitia vifungo, nikalitia mfuko, nikawaambia watu nililishona mwenyewe. Na ningewaambia nini? Nilisema uongo, ndiyo, lakini niliusema vizuri! Nipatieni mtu mwingine mwenye uwezo wa kuutafutia upepo kimo. Sijutii kupiga chuku. Najutia kitu kimoja, kwamba kila nilipojisifu yeye alikuwa jikoni anasikia, na sikuwahi hata mara moja kugeuka.

Ngoja. Ngojeni kidogo. Nilale ubavu. Hapana, mto uacheni.

Basi kichanja sikigawi. Nimewaita kuja kugawana kitu kisicho changu. Ni cha mama yenu, yupo hai, ana meno yote, ana akili kuliko sisi wote, atampa anayetaka na siku anayotaka. Mimi namjua, atasema kikae palepale kikaushe majani, na binti yangu utafanya kazi hapo pamoja naye. Mashine, kile kibao cha karakanani kwako chenye jina langu kipasue uwashie moto. Au andika kingine, andika jina la aliyejenga. Vanishi isipite mlango ule. Na makopo yajazwe maji kila asubuhi, na kwa kuwa ulitaka sana kukibeba, wewe ndiye utakayejaza. Upite hapa kila siku kabla ya kufungua karakana, uchote, ujaze, umwamkie dada yako, uende. Mtu hawezi kugombana na anayemjazia maji kila siku. Au anaweza, lakini kwa sauti ndogo.

Usinune. Nawe nina kitu chako, cha kwangu mimi, cha mkono wangu huu. Nyuma ya banda la kuku, lile jukwaa jeusi tunalowekea kuni. Ndiyo, lile. Ndicho kichanja cha kwanza. Nenda kakitazame kwa macho ya fundi. Miaka ishirini na mbili juani na mvuani, mchwa hajaligusa, kuku hawalilalii, hata mwizi wa kuni hulikwepa. Misumari ya inchi tatu! Hiyo ndiyo kazi ya mkono wa baba yako. Inanuka mpaka leo. Ukitaka kuweka kitu mbele ya karakana weka hicho, na mtu akikucheka mwambie baba yangu alikosea kwa nguvu zote. Wewe ni fundi mzuri kuliko mimi, Mashine. Vipimo vyako vyote vilitoka kwa mama, na mkono wako... mkono ni wa kwako mwenyewe.

Spana. Randa ni yako. Najua hujui kuitumia, ndiyo maana nakupa, kila ukiiona pale gereji useme, kaka alikuwa mkaidi. Siombi radhi, sijui linavyotamkwa neno hilo, nilikosa darasa hilo. Lakini nimesema mbele ya watoto nani alidanganya. Watoto, mwamkieni baba yenu mdogo. Sasa hivi. Nisikie. Mkubwa kwanza.

Haya. Vizuri.

Siku yenyewe ikifika msinitengenezee sanduku la maringo. Mbao tupu. Vigingi. Msinipake kitu, nimeshapaka vya kutosha. Na wale wa mtaani wakitia gia nyuma yangu, waacheni, wapeni chai. Ya mnanaa.

Sogeeni. Mkono wangu hauinuki, leteni vichwa. Mungu awape kazi isiyowachosha kuipenda. Awape mtu wa kuwafichia aibu, na awape... awape ujasiri wa kuifichua wenyewe kabla ya kuchelewa kama... mimi sijachelewa. Nimewahi. Daktari alisema dakika kumi, ziko wapi dakika zake? Mmependwa, wote wawili sawasawa, nilipima. Kwa shibiri.

Sasa nanyamaza. Mnashangaa? Mimi nanyamaza.

Mama Mashine. Njoo hapa. Geuka uwatazame. Waambie wewe... ulianza na mguu upi, ubao ulikataa wapi, kigingi cha kwanza kilivunjika mara ngapi. Jisifu. Usiseme polepole, sema kama mimi. Tia chumvi. Nimekulaza jikoni na maneno yako miaka yote hiyo, toa... toa yote. Nimefumba macho tu, sijalala. Nasikiliza.

Anza. Nani kajenga?